Doti Tano za Bandamwezi

Mwaka ule nyumba za Kariakoo zilianza kung'olewa moja moja, kama meno ya mzee. Leo unapita Mtaa wa Sikukuu unaiona nyumba ya udongo na bati, na baraza yake, na kuku wake. Kesho unakuta shimo, rundo la kokoto na mtu anachota maji ya kuchanganyia saruji. Ndiyo enzi za ruksa hizo. Bidhaa zilikuwa zimejaa mpaka barabarani, na aliyepata alikuwa anapanda juu, ghorofa kwa ghorofa.

Sabaha binti Mbaraka hakupanda popote. Alikuwa na miaka sitini na moja, goti la kushoto bovu, na meza ya kupigia pasi barazani kwa Manubhai, muuza khanga. Pasi zake zilikuwa mbili, zote za mkaa. Moja ikipoa nyingine inakuwa imeshashika moto, kwa hiyo mkono wake haukupata kisingizio cha kupumzika. Wateja wake wakubwa walikuwa vijana wa mitumba. Mashati yalitoka kwenye marobota yamejikunja kama majani ya chai. Yeye aliyarushia maji kwa vidole, akayanyoosha kola, akayarudishia mikunjo ya mikono, na kijana akaenda kuyatundika akiapa kwamba ni mapya. Alasiri ikiadhiniwa, Sabaha alikuwa hajui kama kinachouma ni bega au ni kiuno. Alijua tu kwamba kinauma.

Alikuwa Mngazija. Alikuja Dar na miaka kumi na saba, ameolewa na mpishi wa nyumba za wazungu, na hakurudi tena kwao. Mume alikwisha kufa. Watoto hawakujaliwa. Alipanga chumba kimoja mtaa huohuo, mlango ukitazamana na wa Candida, mama mmoja wa Kihaya aliyekaanga maandazi.

Juma moja likamletea habari mbili.

Ya kwanza aliileta Mwinyimvua, mjukuu wa marehemu mwenye nyumba. Alisimama mlangoni akizungushazungusha kofia yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona husogei ndani?"

"Nimepita tu. Bibi, tumeuza."

"Mmeuza nini?"

"Nyumba. Sisi warithi tuko kumi na mmoja, hatuwezi kuigawa matofali. Mnunuzi anataka kuweka ghorofa nne. Amewapa wapangaji miezi minne."

Sabaha akatazama dari yake, akatazama kitanda. "Sawa, baba," akasema. Angesema nini? Kijana hakuwa mbaya.

Ya pili ilikuwa barua, imeletwa na mfanyabiashara aliyetoka Ngazija kununua vyombo vya plastiki. Ilitoka kwa Nawal, binti wa marehemu mdogo wake. Ili uielewe barua hiyo yakupasa ujue kwamba kwao Sabaha, kijiji cha Bandamwezi, nyumba ni mali ya mwanamke. Mjomba humjengea binti wa dada yake, na bwana arusi ndiye anayehamia kwa mkewe. Hata bwana arusi awe tajiri wa namna gani, ataingia kwa mlango wa mwanamke. Sabaha alijengewa na mjomba wake Hamud alipokuwa na miaka kumi na mitano: mawe na chokaa, vyumba vitatu, mlango wa mbao nzito. Alipoolewa Dar akamwachia mdogo wake akae. Mdogo wake akafa humo, akamwacha Nawal humohumo. Sasa Nawal amechumbiwa, arusi mwezi ujao, na mjomba Hamud amefariki.

Shida ilikuwa Abdulhadi, mtoto wa mjomba Hamud. Alisema nyumba imejengwa kwa jasho la baba yake, na mwenyewe Sabaha hajaonekana miaka arobaini na minne. Barua haitoshi, barua yoyote mtu anaweza kuiandika. Kama Sabaha yu hai aje, aseme kwa mdomo wake, juu ya ardhi ya kijiji, nyumba ni ya nani. Wazee wakaona ni sawa. Wakatoa muda mpaka mwisho wa mwezi. Asipokuja, Abdulhadi anaichukua, na Nawal hana mlango wa kumpokelea mume.

Sabaha aliisoma barua mara mbili, akampa Candida maana ya maneno.

"Basi andika tena," akasema Candida, "uwatukane kidogo."

"Hujasikia? Wanataka mdomo."

"Ndege?"

"Mwanangu, ndege nitaipanda kwa pasi za mkaa?"

"Majahazi ya mizigo je?"

"Mwaka juzi moja lilizama na vitunguu na watu. Na goti hili linapanda ngazi ya kamba?"

Candida akachambua mchele. Halafu akasema, "Ngoja nikamwone Polycarp."

Polycarp, kaka yake, alikuwa karani kwenye ofisi moja pale Posta iliyohudumia meli za wageni. Siku ya pili yake alikuja mwenyewe, shati limechomekewa, karatasi mkononi.

"Mama Sabaha, Mungu anakupenda. Kuna meli ndogo, nyeupe, ina watalii sitini. Dobi wao ameshuka na malaria. Wanataka mtu wa siku nane, meli inazunguka visiwani inarudi hapahapa. Una pasi ya kusafiria?"

Alikuwa nayo. Aliipata mwaka ule waliotaka kwenda Hija, mumewe akaugua, ikabaki mpya chini ya godoro.

"Inasimama Ngazija?" akauliza Sabaha.

Polycarp akapitisha kidole kwenye karatasi. "Siku ya tatu. Ngazija. Wageni wanashuka asubuhi."

"Siku ya tatu ni Alhamisi."

"Ni Alhamisi."

Sabaha hakuuliza zaidi. Mwenyewe aliona ameuliza yote. Meli ikifika kisiwani inafika bandarini, na bandarini kuna watu. Nani tena angekaa chini aanze kuuliza Ngazija ya wapi? Yule mfanyabiashara alikuwa bado yuko mjini, kesho yake anaruka na sahani zake. Sabaha akampa jibu la mistari miwili: Alhamisi asubuhi nashuka na meli nyeupe. Nikusanyieni wanawake, mambo ya nyumba mashahidi ni wao.

Kilichobaki ni zawadi. Mtu aliyekaa Dar miaka yote hiyo hawezi kuingia kwao mikono inapepea.

"Doti tano," akamwambia Manubhai.

"Sabaha! Sasa wewe unatembea na wazungu kwenye meli, mimi nabaki na jua hili?" Manubhai alikuwa mzee mwenzake, macho yake yamefifia kwa kuangalia rangi za vitambaa. Alishusha majora kwenye rafu, akapiga vumbi. "Chukua hizi nyekundu. Na hizi za kijani. Zinatoa rangi kidogo, sikudanganyi. Wewe dobi, utajua mwenyewe."

"Zinatoa rangi halafu unanipa?"

"Kwa wewe bei ya jumla. Halafu ukirudi niambie: kweli mlima wenu wa moto unatoa moshi?"

"Ulikuwa unatoa."

"Na watu wanakaa chini yake?"

"Na wewe unakaa chini ya nini, Manubhai?" Sabaha akaonyesha juu, ng'ambo ya barabara, mafundi wanapandisha zege kwa ndoo na kamba. Manubhai alicheka mpaka akakohoa.

*

Chumba cha dobi kilikuwa tumboni mwa meli, hakina dirisha. Pasi yao ilikuwa ya umeme, nyepesi kama kikombe, inapuliza mvuke yenyewe. Siku ya kwanza Sabaha alidhani imeharibika. Mashine ilifua mashuka. Nguo za wageni yeye alizifua kwa mkono. Meli ililala ubavu huu, ikalala ubavu ule, naye alitapika kwenye beseni, akaliosha, akaloweka soksi. Wageni hakuwaona, ila aliwajua. Alimjua bwana wa suruali zenye mifuko kumi na miwili. Alimjua bibi aliyeshonea jina lake ndani ya kila kitu, mpaka leso. Huyu naye alijishonea, akawaza Sabaha, anaogopa kupotea.

Mswahili mwingine melini alikuwa Tarsis, mwanamume wa miaka thelathini na kitu kutoka Bukoba, aliyeendesha zile boti za mpira za kuwapeleka wageni ufukweni. Alimletea chai ya rangi na limao asubuhi na jioni.

Alhamisi alfajiri alikuja kugonga. "Mama, Ngazija hiyo."

Sabaha alikuwa ameshaoga, amejipaka udi. Alipanda ngazi moja moja akishika chuma, akatoka juu.

Mlima ulikuwa palepale alipouacha. Ulianzia baharini ukaenda mpaka ndani ya mawingu. Lakini chini yake palikuwa na jiwe jeusi tu, limemiminika kutoka juu mpaka majini, limepasukapasuka, linang'aa kama makaa yaliyomwagiwa maji. Hapakuwa na gati. Hapakuwa na bati hata moja. Hapakuwa na mtu.

"Tarsis, bandari iko wapi?"

"Bandari gani, mama?"

"Ya Ngazija."

"Ah. Bandari iko upande wa pili huko, mjini. Sisi hatufiki."

"Hamfiki vipi? Karatasi imesema Ngazija."

"Ndiyo Ngazija hii. Wageni wameilipia hii." Tarsis alisugua shingo. "Hawa wanataka mahali pasipo na mtu, mama. Wakiona hata mtumbwi wanalalamika. Wanatembea juu ya mawe, wanaangalia ndege na majani, saa tano na nusu wote ndani, tunaondoka."

Sabaha alishika chuma kwa mikono miwili. Kwa mawazo aliwaona wanawake wa Bandamwezi wamevaa vizuri, wamepanga mstari kwenye gati la mjini, wanatazama bahari tupu. Akamwona na Abdulhadi anatabasamu.

"Bandamwezi ni wapi kutoka hapa?"

"Sijui jina. Kwa darubini naona mnazi mmoja mmoja kule, baada ya jiwe kuisha. Labda saa nzima kwa miguu. Kwa miguu yako, mama, saa na nusu."

"Baada ya jiwe ndiko kwetu. Nishushe."

"Wafanyakazi hatushuki."

"Tarsis. Nina siku mbili za kutapika kwa ajili ya jiwe hili."

Tarsis alikwenda kuzungumza na kiongozi wa safari, mama mmoja wa kizungu mwenye kofia ya kufungwa kidevuni. Aliposikia dobi ni mzaliwa wa pale, mama yule akashika moyo wake, akaja mbio, akamshika Sabaha mikono yote miwili akisema maneno mengi.

"Amekubali," akasema Tarsis. "Ila nimeweka sahihi yangu. Saa tano na nusu, mama. Ukichelewa nami nimepoteza kazi."

Kabla ya kushuka kulikuwa na sheria. Wageni walisimama kwenye foleni wakisugua viatu kwa brashi kwenye trei ya dawa, wakigeuza mifuko ndani nje wakitoa mbegu na vumbi, ili wasipeleke chochote kisiwani. Zamu ya Sabaha ilipofika, raba zake zikasuguliwa. Halafu kiongozi akaona kikapu: ubani, iliki, tende, na doti tano za khanga. Akatikisa kichwa kwa upole.

"Chakula hakishuki," Tarsis akafasiri. "Wala mzigo. Mtu anashuka na nguo zake alizovaa tu."

"Niingie kwetu mikono mitupu?"

"Ndiyo sheria, mama. Hata maganda ya machungwa hatuachi."

Sabaha aliwatazama watu wale wazima wanaosugua soli. Maisha yake yote hakuwahi kuona wageni wanaohakikisha kwanza kwamba hawana cha kumpa mwenyeji. Akachukua kikapu chake, akarudi chini, akafunga mlango.

Aliporudi juu alikuwa mnene kama mtungi. Doti tano ni vipande kumi. Vitano alivifunga kiunoni, kimoja juu ya kingine, viwili kifuani, viwili mabegani, cha kumi kichwani. Vifungo vya koti la kuelea havikufunga.

Tarsis aligeukia baharini. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka. "Nguo alizovaa tu," akamwambia kiongozi kwa lugha yao, na kiongozi akacheka, akampisha.

Boti ya mpira haikufika pakavu. Mtu alishuka maji yakiwa magotini, na Sabaha alishuka na vipande vitano kiunoni, vikanywa bahari vikawa vizito kama magunia. Manubhai hakusema uongo: rangi ilianza kutoka. Ikamtiririka miguuni nyekundu na kijani. Bwana wa mifuko kumi na miwili akampiga picha.

Jiwe lilikata. Kwa macho lilionekana laini, ukilikanyaga lina meno. Hewa ilitoka chini na joto lake na kutoka juu na joto lake, na Sabaha katikati amevaa duka. Alikwenda kwa kuhesabu, hatua ishirini, pumzika; hatua ishirini, pumzika. Wageni wakabaki nyuma wamekaa kitako wanatazama jani moja lililoota kwenye ufa.

Kwenye ghuba ndogo akamkuta mwanamke amepandisha nguo mpaka mapajani, anachokoa pweza kwa fimbo. Mwanamke alimwona, akarudi nyuma hatua tatu.

"Wewe ni mtu?" akauliza kwa Kingazija.

"Ni mtu. Nakwenda Bandamwezi."

"Na nguo zote hizo?"

"Ni hadithi ndefu. Wewe wa wapi?"

"Wa hukohuko. Thuraya. Lakini hutamkuta mtu leo. Wanawake wote wamekodi gari, wamekwenda mjini bandarini kumpokea mgeni wa Dar. Mimi gari lilijaa, nikashushwa. Eti nimekuja mwisho."

Sabaha akakaa kwenye jiwe. Jiwe liliunguza, hakujali.

"Mgeni mwenyewe ndiye mimi," akasema.

Thuraya alimtazama kuanzia kilemba mpaka miguu ya rangi mbili. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaitupa fimbo. "Na wao walinishusha! Allah! Walinishusha mimi!" Alipomaliza akafuta macho, akauliza, "Sasa utawangoja? Watarudi Magharibi."

"Saa tano na nusu nirudi melini. Kijijini hakuna mwanamke kabisa?"

"Kabisa labda... aliyebaki ni yule asiyeweza kutoka. Mkaza mjomba wako, mke wa marehemu Hamud. Yumo eda. Na binti yake, amejifungua juzijuzi, yumo arobaini. Basi."

Sabaha alilipima jambo hilo. Kati ya wanawake wote wa Bandamwezi, amebakiziwa mama yake Abdulhadi.

"Nipeleke," akasema.

*

Walipita mbele ya nyumba. Mlango ulikuwa na kufuli, ufunguo anao Nawal. Ukuta wa kusini ulikuwa na ufa ulioanzia chini ukapanda kama njia ya mchwa, na chokaa ilikuwa imekuwa ya kijivu, lakini nyumba ilisimama. Sabaha aliweka kiganja ukutani. Hakuweza kuchungulia, dirisha lilikuwa juu na goti halikutaka kujinyoosha.

Mkaza mjomba alikuwa kwenye chumba chenye giza kidogo, juu ya mkeka, amevaa nyeupe. Alikuwa amekauka, macho tu ndiyo mabichi. Chumba cha pili, nyuma ya pazia, mtoto mchanga alikuwa analia na mama yake anambembeleza.

"Shikamoo, mkaza mjomba. Ni Sabaha."

"Marahaba. Sogea nikuone. Umenenepa."

"Si mimi, ni khanga."

Alianza kuzivua moja moja, zinachuruzika, na Thuraya akazipokea akazitandaza uani kwenye ukuta. Kila moja aliitaja: hii ya Nawal, hii ya mama wa bwana arusi, hii ya binti yako aliyejifungua. Mkaza mjomba alizifuata kwa macho mpaka Sabaha alipobaki na gauni lake.

"Sasa sema ulichokuja kusema," akaambiwa.

Sabaha alifungua mdomo. Alilibeba neno lile tangu Kariakoo, fupi, tayari: nyumba ni ya Nawal. Lakini alikuwa amechoka, amekaa kwenye mkeka wa kwao, kuna kivuli, na ghafla akaona lipo neno jingine, nalo ni fupi vilevile. Nyumba ni yangu. Akilisema hilo, Abdulhadi hana la kujibu, na yeye anapata dari. Miezi minne haikuwa inangoja. Sasa ilikuwa imebaki mitatu na nusu. Akaanza kukamua upindo wa gauni lake.

Mkaza mjomba aliona. "Nikwambie mimi kwanza," akasema. "Nyumba ile chokaa yake nimeichoma mimi. Nilikuwa na mimba ya Abdulhadi, nabeba matumbawe kichwani. Pesa iliyoingia mle ndani ilipita kwanza mbele ya midomo ya wanangu. Mwanangu hadai bure."

"Najua."

"Hujui. Wewe ulikuwa unapakwa hina." Akavuta pumzi. "Nimekaa humu eda siku ya sabini na tatu, sina kazi ila kufikiri. Nikisema nyumba ile ni ya Abdulhadi kwa kuwa baba yake ndiye aliyeijenga, basi hii niliyokalia ni ya nani? Hii alinijengea mjomba wangu. Naye ana wana wa kiume watatu, wawili wana deni na mmoja ana tamaa. Kesho watakuja mlangoni na maneno yaleyale. Na huyu anayelia nyuma ya pazia na mtoto wake nitawalaza wapi?"

Nyuma ya pazia mtoto alinyamaza. Binti alikuwa anasikiliza.

"Kwa hiyo sema. Nitasikia mimi, atasikia binti yangu, atasikia Thuraya. Wazee watakuja wakae barazani, nami nitawaambia kutoka ndani. Abdulhadi hatamwita mama yake mwongo."

Sabaha aliangalia miguu yake, nyekundu na kijani. "Kariakoo wananibomolea," akasema. Hakukusudia kulisema.

"Nani?"

"Si mtu. Mji tu. Nina chumba, kinabomolewa."

"Basi unataka nyumba yako."

"Nataka kulala," akasema Sabaha, na sauti ikamtoka nyembamba. "Mkaza mjomba, nimechoka. Mkono huu umenyoosha mashati ya watu mpaka hauwezi kukunjuka wenyewe. Lakini nikimtoa Nawal mlangoni mwezi wa arusi yake, nitalala usingizi gani humo ndani? Yeye yukoje?"

"Mrefu. Anacheka kwa sauti, mpaka nje wanasikia. Nimemkataza, hasikii."

Sabaha akatulia. Akajiweka sawa kwenye mkeka, mgongo ukanyooka. "Nyumba ni ya Nawal," akasema. "Natoa kwa mdomo wangu, hapa Bandamwezi. Ila chumba cha uani ni changu mpaka nife."

"Chumba cha uani kilianguka kwenye kimbunga. Mwaka wa sita huu."

"Basi wakijenge. Yeye na mume wake."

"Eh!"

"Futi kumi kwa kumi."

"Nane."

"Futi nane nitaweka wapi miguu? Tisa, na mlango wangu peke yangu, usipitie kwao."

Mkaza mjomba alifunika mdomo kwa upande wa nguo yake nyeupe, maana mjane hacheki, lakini tumbo lilimtikisika. "Kariakoo imekufundisha," akasema. "Tisa. Thuraya, umesikia?"

"Nimesikia. Na kwenye gari walinishusha!"

"Nawe, binti yangu?"

"Tisa, mlango peke yake," ikasema sauti nyuma ya pazia.

Walimpa maji, wakampa ndizi ya kuchemsha na pweza, akala haraka kama mwizi. Hakuweza kumngoja Nawal. Saa ya Thuraya ilikuwa ya mumewe na ilikwenda mbele, lakini hata hivyo muda ulikuwa umekwisha.

Njia ya kurudi ilimla. Thuraya alimshika kwapani kwenye jiwe lote, na raba ya kulia ikaachia soli. Tarsis alikuwa amesimama ndani ya maji peke yake na boti, wageni wote wameshapanda. "Mama," akasema, "damu yangu imekauka." Akambeba kama mtoto, akamweka juu ya mpira.

Kiongozi wa kizungu alikuwa anangoja juu ya ngazi, akauliza kitu.

"Anataka kujua kama umefika kwenu," akasema Tarsis, "na kama ni kuzuri."

Sabaha alifikiri. "Mwambie ukuta wa kusini una ufa," akasema, akashuka kwenda chini. Soksi za watu sitini zilikuwa zimeshaletwa, zimejaa unga mweusi wa mlima, na unga ule, alikuja kugundua, hautoki kwa maji ya kwanza wala ya pili.

*

Jibu lilifika Kariakoo mwezi mmoja na nusu baadaye, kwa mkono wa mfanyabiashara mwingine. Sabaha aliacha pasi zipoe zote mbili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana, akasoma amesimama. Jioni alipomaliza kazi akamwita Candida.

"Vipi, wamekubali?"

"Mama yake alisema, akanyamaza Abdulhadi. Arusi imefanyika. Nawal anasema walisimama gatini mpaka jua likawachoma, na bado hajamsamehe mtu wa meli." Akakaa pembeni mwa kitanda, akapumua. "Wameanza kuchimba msingi uani. Mume wake anauliza kitanda changu kina upana gani, ajue dirisha aliweke wapi."

"Na utakwenda na nini? Meli ile hairudi."

"Sijui."

"Utajuaje?"

"Candida, mwanangu, sijui. Nina miezi miwili ya kutojua. Shika huku."

Alikuwa ameazima utepe wa kupimia kwa fundi cherehani wa jirani. Candida akaishika ncha ya utepe kwenye ubao wa kitanda upande wa ukuta, na Sabaha akauvuta mpaka upande wa pili, akainama karibu kabisa, maana namba zilikuwa zimefutika.

"Futi nne," akasema. "Nne na nusu. Hebu vuta vizuri, umelegea."